Gugu Sugu si Lazima Liwe Dhaifu

Somo la ugani kwa wakulima wa Kata ya Zagayu na kata jirani

Bomba la mgongoni limekwisha kuwa zana ya kawaida mashambani, pamoja na jembe la mkono na plau ya ng'ombe. Mkulima wa pamba, mahindi au mtama ambaye zamani alitegemea palizi ya mikono peke yake, leo anaweza kununua chupa ya glaifoseti, akapulizia shamba kabla ya kupanda, na kuokoa siku nyingi za kazi. Nafuu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, dawa ya magugu ina sharti lake: ikitumiwa ileile msimu baada ya msimu, bila njia nyingine ya kuisaidia, huacha nyuma magugu yasiyokufa kwayo.

Magugu hayo huitwa magugu sugu. Jambo linalozungumzwa sana juu yake ni namna yanavyozuka. Lisilozungumzwa vya kutosha ni maisha yake baada ya kuzuka: je, gugu lenye usugu huota, hukua, hushindana na kuzaa sawasawa na ndugu yake anayekufa kwa dawa? Majibu yake yana uzito mkubwa kwa mkulima. Iwapo gugu sugu ni dhaifu, ingetosha kuiweka dawa kando kwa misimu michache, nalo lingeshindwa na wenzake na kutoweka. Iwapo si dhaifu, kungoja huko ni kupoteza misimu bure.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mkulima ataweza kueleza usugu unavyotokea; kutofautisha uwezo wa gugu kuishi na kuzaa na uwezo wake wa kushindana; kuelewa kwa nini baadhi ya magugu sugu hudhoofika na mengine hayadhoofiki; na kuchagua hatua za kuchukua shambani mwake.

Usugu ni nini, na si nini

Husemwa kwamba gugu "limezoea" dawa. Usemi huo unaeleweka, lakini unapotosha. Mmea mmoja haujifunzi kuvumilia sumu kwa kunyunyiziwa mara nyingi. Ukweli ni kwamba miongoni mwa mamilioni ya mbegu zilizomo ardhini, huwapo chache mno zenye tofauti katika vinasaba vyake, nazo huwapo kabla hata bomba halijaingia shambani. Dawa inapopulizwa, mimea mingine yote hufa, na ile michache hubaki, huzaa, na kuacha mbegu zenye tofauti ileile. Dawa hufanya kazi ya ungo: haiumbi punje mpya, bali hupepeta na kuacha zile zisizopita. Ungo uleule ukipepetwa kila msimu, hatimaye shamba hujaa punje za aina moja.

Tofauti hizo za vinasaba ni za namna mbalimbali. Katika baadhi ya magugu, mahali ndani ya mmea ambapo dawa hushika pamebadilika umbo, kwa hiyo dawa haipati pa kushika. Katika mengine, mmea huivunjavunja dawa kabla haijafika, au huitenga mahali ambapo haiwezi kudhuru, au huzalisha kwa wingi mno kile kimeng'enya ambacho dawa hukishambulia, hata dawa isikitoshe. Namna hizi ndizo zinazoamua kama gugu litalipa gharama au halitalipa.

Mambo mawili ya kutenganishwa

Jambo la kwanza ni uwezo wa kuishi na kuzaa. Huu hupimwa kwa maisha yote ya gugu: mbegu ngapi huota, miche mingapi hufika utu uzima, kila mmea hutoa mbegu ngapi, na mbegu hizo hudumu hai ardhini kwa muda gani. Gugu lenye majani mapana na shina nene, lakini linaloacha mbegu chache, lina uwezo mdogo kuliko gugu dogo linaloacha maelfu.

Jambo la pili ni uwezo wa kushindana. Huu ni uwezo wa kunyakua maji, mwanga na rutuba mbele ya jirani, awe jirani huyo ni pamba, mahindi au gugu jingine. Mimea miwili iliyopandwa kila mmoja katika chungu chake yaweza kulingana kabisa. Ikisongamanishwa katika chungu kimoja, mmoja humzidi mwenzake. Kwa sababu hiyo, udhaifu wa gugu sugu mara nyingi haujitokezi mpaka liwekwe mahali pa msongamano, ambako kila tone la maji hugombaniwa.

Gharama ya usugu: mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni wa gharama kubwa. Mwaka 1968, katika kitalu cha miche jimboni Washington, Marekani, kulionekana gugu dogo la jamii ya alizeti ambalo halikufa tena kwa simazini wala atrazini, dawa zilizokuwa zimetumika hapo kwa takriban miaka kumi. Ilibainika baadaye kwamba badiliko lake lilikuwa mahali penyewe ambapo jani husafirishia nguvu ya jua. Dawa haikushika tena, lakini usafirishaji wa nguvu nao ukapungua kasi. Mwaka 1979 watafiti Conard na Radosevich walichapisha matokeo ya kulilinganisha gugu hilo, pamoja na gugu la jamii ya mchicha, na ndugu zake wasio sugu: pasipo dawa, mimea sugu ilikua kidogo na ikashindwa katika msongamano. Wazalishaji wa mbegu walipolihamishia badiliko hilo kwenye zao la kanola ili zao lenyewe livumilie dawa, mavuno nayo yalipungua. Hapa gharama ya usugu ilionekana wazi, na kwa miaka mingi watu wengi walidhani kwamba kila usugu utakuwa hivyo.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba jambo hilo hutegemea badiliko lenyewe. Watafiti wa Ufaransa walichunguza gugu la mashamba ya ngano la jamii ya nyasi ambalo limekuwa sugu kwa dawa zinazoua nyasi pekee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 walilinganisha mabadiliko matatu tofauti katika kimeng'enya kimoja. Mimea yenye mawili kati ya mabadiliko hayo ilikua na kuzaa sawa na mimea ya kawaida. Mimea yenye badiliko la tatu ilikuwa mifupi zaidi na ilitoa mbegu chache. Gugu lilikuwa moja, dawa za kundi moja, na kimeng'enya kimoja. Lakini moja ya mabadiliko hayo lilikuwa na gharama na mengine hayakuwa nayo.

Mfano wa tatu unahusu glaifoseti, dawa inayojulikana zaidi na wakulima. Katika jimbo la Georgia, Marekani, kwenye mashamba ya pamba, mchicha pori uitwao Palmer ulithibitika kuwa sugu katikati ya muongo wa 2000. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mimea hiyo hubeba nakala nyingi za kinasaba kimoja, baadhi zaidi ya 100, hivyo huzalisha kimeng'enya kingi kuliko dawa inavyoweza kukizuia. Mtu angetarajia kwamba mmea unaobeba mzigo huo ungechoka. Majaribio hayakuonyesha hivyo: mimea sugu ilikua, ilishindana na kuzaa kama mingine. Huko Australia, kwa upande mwingine, nyasi ya mashamba ya ngano yenye usugu kwa glaifoseti ilipungua katika misimu ambayo dawa hiyo haikutumika. Nayo nyasi iliyo jamaa wa karibu wa ulezi, ambayo usugu wake kwa glaifoseti ulionekana Malaysia mwaka 1997, imekutwa baadaye ikiwa na mabadiliko mawili kwa pamoja yanayoipa usugu mkubwa sana, lakini mimea yenye urithi huo kutoka kwa wazazi wote wawili hudumaa na kutoa mbegu chache.

Fundisho la mifano hii ni moja. Usugu waweza kuwa na gharama kubwa, ndogo, au usiwe na gharama yoyote inayoonekana, na mkulima hawezi kuijua kwa kulitazama gugu. Kwa hiyo si busara kuujenga mpango wa shamba juu ya tumaini kwamba gugu sugu litajifia.

Karibu na nyumbani

Mambo haya si ya nchi za mbali pekee. Katika mashamba ya kahawa nchini Kenya, parakwati ilitumika mara kwa mara kwa miaka mingi. Mwaka 1991 mtafiti J. M. Njoroge alieleza katika jarida la Kenya Coffee kwamba kishona nguo na gugu karoti vilikuwa vimeanza kuivumilia dawa hiyo. Kishona nguo ni gugu lijulikanalo na kila mtu aliyewahi kutoka shambani akiwa na vijiti vyeusi vimeng'ang'ania suruali au kanga. Mbegu zake husafiri kwa nguo za watu na manyoya ya wanyama, kwa hiyo kisongo kimoja cha gugu sugu hakibaki katika shamba kilikozaliwa.

Katika Mkoa wa Simiyu, ambako pamba ndiyo zao kubwa la biashara na ng'ombe huhama kutoka malisho hadi malisho, jambo hili lina uzito wake. Mifugo hupita mashambani kula mabua baada ya mavuno, plau moja hulima mashamba ya familia kadhaa, na samadi ya zizi moja hupelekwa mashamba mengi. Njia zote hizo zinaweza kubeba mbegu. Usugu wa shamba moja waweza kuwa usugu wa kitongoji.

Hesabu ya misimu kumi

Ili kuuona uzito wa jambo hili, ichukuliwe hesabu ya mfano. Tuseme shamba lina magugu ya aina moja, na kati ya kila magugu 100, 50 ni sugu na 50 ni ya kawaida. Tuseme pia kwamba usugu huo una gharama ya wastani: pasipo dawa, kila gugu la kawaida likiacha mbegu 10, gugu sugu huacha 9. Mkulima anaamua kuiacha dawa kabisa.

Baada ya msimu mmoja, magugu sugu yatakuwa takriban 47 katika kila 100. Baada ya misimu mitano yatakuwa kama 37. Baada ya misimu kumi yatakuwa kama 26. Gharama ipo na inafanya kazi, lakini kwa mwendo wa kobe.

Sasa mkulima, akiamini kwamba usugu umepungua, anapulizia dawa ileile mara moja. Tuseme dawa inaua magugu ya kawaida 95 katika kila 100. Kati ya yale magugu 74 ya kawaida, hubaki kama 4. Yale 26 sugu hubaki yote. Katika magugu 30 yaliyosalia, 26 ni sugu, yaani takriban 87 katika kila 100. Kazi ya misimu kumi imefutwa kwa mnyunyizo mmoja, na shamba limekuwa baya kuliko lilivyoanza.

Hesabu hii ni nyepesi kuliko hali halisi. Shambani, mbegu za zamani zilizolala ardhini huendelea kuota kidogokidogo, nazo hurudisha nyuma mabadiliko. Na kama usugu hauna gharama, idadi ya magugu sugu haitashuka kabisa, hata misimu ikipita mingi.

Macho yanavyoweza kudanganya

Baada ya kupulizia, mkulima huweza kuona gugu moja kubwa, la kijani na lenye afya, likiwa peke yake katikati ya mabua makavu. Ni rahisi kusema kwamba gugu sugu lina nguvu kupita yote. Lakini gugu hilo halina mshindani: jirani zake wote wamekufa, na maji, mwanga na rutuba vyote vimeachwa kwa ajili yake. Ukubwa wake ni ushahidi wa nafasi iliyoachwa wazi, si lazima uwe ushahidi wa nguvu zake za asili.

Vilevile, si kila gugu lililopona ni sugu. Maji ya lambo yenye tope hupunguza nguvu ya glaifoseti na ya parakwati, kwa kuwa dawa hizo hushikamana na chembe za udongo. Kipimo kidogo, dawa bandia, magugu yaliyokwisha kukomaa, mvua iliyonyesha mara baada ya kupulizia, na tundu la bomba lililoziba, vyote huacha magugu hai. Kabla ya kuhukumu kwamba kuna usugu, mkulima aangalie dalili tatu.

Kwanza, je, magugu yaliyopona ni ya aina moja, huku aina nyingine zote zikiwa zimekufa? Aina nyingi zikipona kwa pamoja, kosa huenda limo katika upuliziaji. Pili, je, mimea ya aina moja yenye umri mmoja imesimama bega kwa bega, mmoja umekufa na mwingine u hai? Tatu, je, eneo lililopona ni lilelile la mwaka uliopita, nalo limepanuka? Dalili zote tatu zikipatikana, afisa ugani aitwe kabla magugu hayo hayajatoa mbegu.

La kufanya shambani

Kwa kuwa gharama ya usugu haitabiriki, mkulima hana budi kuiumba gharama hiyo kwa mikono yake. Gugu lililo sugu kwa dawa si sugu kwa jembe. Jembe halichagui: hukata gugu sugu na gugu la kawaida pamoja. Nacho kivuli cha zao lililostawi huwanyima mwanga wote wawili. Hatua zifuatazo zinafuata msingi huo.

1. Kuzuia mbegu. Magugu yaliyopona baada ya dawa yang'olewe au yapaliliwe kabla hayajachanua. Yakiwa yamekwisha kuwa na mbegu, yatolewe shambani na kuchomwa, yasiachwe pembezoni. Hatua hii ni ya kwanza kwa umuhimu, kwa kuwa usugu huishi katika mbegu.

2. Kulipa zao nafasi ya kushinda. Pamba ipandwe mapema, kwa mistari, na kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30 inayohimizwa sasa, badala ya 90 kwa 40 ya zamani. Kwa nafasi hiyo ekari moja hupata mashimo takriban 22,000 badala ya 11,000, na majani hufunika ardhi mapema zaidi. Mashimo matupu yarudishiwe mbegu haraka, kwa kuwa kila pengo ni nyumba ya gugu.

3. Palizi ya wakati. Palizi ya kwanza ifanyike katika wiki mbili hadi tatu baada ya zao kuota, hata pale dawa ilipopulizwa kabla ya kupanda. Jembe la palizi la kukokotwa na ng'ombe lipunguze kazi katikati ya mistari, na jembe la mkono limalizie karibu na mashina.

4. Kubadilisha mazao. Pamba ifuatwe na mtama, mahindi, dengu au choroko. Kila zao lina wakati wake wa kupanda na wa kupaliliwa, na gugu lililoufuata mwendo wa pamba hukutwa limekosea saa.

5. Kubadilisha namna dawa inavyoua, si jina la chupa. Chupa mbili zenye majina tofauti na rangi tofauti zaweza kuwa na glaifoseti ileile ndani. Mkulima asome jina la kiambato kwenye lebo, au amwombe afisa ugani amsomee. Itumike dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) pekee, kwa kipimo kamili na maji safi, na kwa zao lililotajwa kwenye lebo. Mpuliziaji avae mavazi ya kinga. Parakwati hasa ni sumu isiyo na tiba mahususi. Kamwe isihamishiwe katika chupa ya soda au ya maji.

6. Kuzuia usafiri wa mbegu. Plau na majembe visafishwe kabla ya kuhamia shamba jingine. Samadi irundikwe ipate joto na kuiva kabla ya kusambazwa. Nguo zilizoshikwa na kishona nguo zisafishwe palepale shambani, na vijiti vyake vichomwe.

Muhtasari

Usugu hutokana na uteuzi unaofanywa na dawa, wala si mazoea ya mmea mmoja. Baadhi ya magugu sugu hudhoofika pasipo dawa, na mengine hayadhoofiki. Hata yale yanayodhoofika hupungua polepole, na mnyunyizo mmoja wa dawa ileile huyarudisha. Kuiacha dawa iliyoshindwa ni jambo jema, lakini halitoshi peke yake: ni lazima pengo lake lijazwe na jembe, kivuli cha zao, mzunguko wa mazao na uangalizi wa mbegu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba gugu limezoea dawa?
2. Gugu kubwa lililobaki peke yake baada ya dawa linathibitisha nini, na halithibitishi nini?
3. Taja sababu tatu zinazoweza kufanya magugu yapone ingawa si sugu.
4. Katika hesabu ya mfano, nini kingetokea iwapo mkulima, badala ya kupulizia dawa ileile baada ya misimu kumi, angepalilia kwa jembe na kuzuia magugu yote yasitoe mbegu?
5. Katika shamba lako, ni njia zipi ambazo mbegu za magugu huingilia kutoka mashamba mengine?

Vikundi vya wakulima na vyama vya msingi vya ushirika vinashauriwa kulijadili somo hili pamoja kabla ya msimu wa kupanda, na kumwalika afisa ugani wa kata kuyatembelea mashamba yenye dalili zilizotajwa.